Marehemu Hapaki Rangi

Verlin Stalnaker alifungasha vioo miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha Laurel Fork, na kufikia mwisho wa miaka hiyo hakuhitaji macho kujua sanduku limebeba nini. Alilinyanyua likiwa limeshafungwa, akalitikisa mara mbili karibu na shavu, akasikiliza. Bilauri moja ikiwa na ufa katikati ya bilauri arobaini, yeye aliisikia. Wenzake walisema sikio la Verlin lilistahili mshahara wake peke yake.

Basi Jumanne moja ya mwezi Machi, mwaka 2003, mama wa posta alipomwachia sanduku kibarazani, Verlin alifanya alichofanya siku zote. Akatikisa mara mbili. Kimya. Kilichokuwa ndani kilikuwa kizima. Akaingia, akawasha kompyuta aliyoachiwa na binti yake, akangoja laini ya simu imalize kukoroma, akaenda kwenye mnada wa mtandaoni na kumpa muuzaji alama ya kijani. Chini ya alama akaandika: "Kimefika salama. Muuzaji mwaminifu. Nunueni kwake bila shaka." Kisha akaliweka sanduku juu ya kabati bila kulifungua, lingoje Jumapili.

Jumapili ndiyo siku aliyozoea kukutana na mkewe.

Nadine alikuwa fundi wa rangi katika kiwanda hichohicho, chumba cha juu, wanawake kumi na wanane mbele ya dirisha refu, kila mmoja na brashi zake. Alipaka maua madogo ya zambarau kwenye vyombo vya maua, mabakuli na kengele za mezani. Kila alichokimaliza alikitia jina lake chini kwa herufi nyembamba kama unywele, kikaenda kuchomwa ili rangi ishikane na kioo, kikashuka chini kwa Verlin. Na Verlin akakifunika majani makavu, akagongomelea kifuniko, akakituma Denver, Atlanta, Sacramento, kwa watu asiowajua. Nyumbani kwao hakikubaki hata kimoja. "Vioo navitazama mchana kutwa," Nadine alikuwa akisema. "Nikirudi nyumbani nataka kuona bati." Basi walinywa kahawa kwenye vikombe vya bati, wakidhani siku ni nyingi.

Mwaka 1995 saratani ikamchukua katika wiki kumi na moja. Baada ya maziko Verlin alizunguka nyumba nzima akitafuta kitu ambacho mikono ile ilikifanya, akakuta vikombe vya bati.

Hapo ndipo alipoanza kuviita virudi. Alichokuwa amekituma mwenyewe kwa miaka mingi, sasa alikitafuta kimoja kimoja, kwanza kwenye maonyesho ya vitu vya kale, halafu kwenye huo mnada, ambako vitu vya Amerika nzima vilimwagwa mezani mwake. Rafu ya sebuleni ilikuwa na vyombo arobaini na sita. Jina lake mnadani lilikuwa na alama mia tatu na kumi na moja za kijani, wala nyekundu hata moja. Watu wa vioo walimjua. Verlin akisema chombo ni cha kweli, mjadala umekwisha.

Jumapili, baada ya ibada, Junior Cottrill alikuja na mfuko wa mikate yenye soseji ndani, kama kawaida yake. Junior alikuwa mpuliza vioo wa Laurel Fork mpaka tanuri zilipozimwa mwaka 2000, na hadi leo mashavu yake yalining'inia kama mifuko mitupu.

"Fungua basi, bwana," alisema. "Unalibembeleza kama mtoto mchanga."

"Tulia wewe. Haraka ndiyo iliyokufanya upulize jagi lenye pua mbili."

"Lile jagi liliuzwa."

"Kwa kipofu."

Verlin alikata kamba, akafungua magazeti tabaka baada ya tabaka, akakitoa chombo cha maua, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mkono wake ukasimama hapohapo hewani.

Junior akaacha kutafuna. "Hiyo si rangi ya mnanaa?"

"Ndiyo."

"Ile kijani tuliyoanza kuyeyusha mwaka tisini na nane?"

"Tisini na nane," Verlin alisema.

Alikipindua. Chini, kwa herufi nyembamba kama unywele, palikuwa pameandikwa jina la mkewe. Herufi zilifanana na za Nadine kama mapacha wanavyofanana. Verlin akapitisha ukucha juu ya ua moja la zambarau, na ua likabanduka, likaanguka kwenye goti lake kama ganda la tope kavu. Halikuwahi kuona moto. Kiwanda kilipofungwa, vyombo vitupu visivyopakwa rangi viliuzwa kwa malori. Mtu alinunua shehena yake, akachukua brashi na picha, akajifunza kumwandika Nadine.

"Mwizi wa makaburi," Junior alisema polepole.

Verlin alikuwa akitazama jina. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kwa muda mfupi, kabla akili haijafika, moyo wake ulikuwa umelipokea.

Muuzaji alijiita Hazina za Bibi. Nyuma ya jina hilo hapakuwa na bibi yeyote. Alikuwepo mwanamume aitwaye Rodney, na Rodney alijibu barua pepe ya Verlin siku ileile:

"Mzee, chombo umekipokea na sifa umenipa mwenyewe. Mkeo alipaka maelfu, sasa utaniambia unavikumbuka vyote? Mimi alama yangu kwako sijaitoa bado. Ukinisumbua, utaiona rangi yake."

Ndivyo mnada ulivyokuwa miaka hiyo. Mauzo yakiisha, mnunuzi alimpa muuzaji alama, kijani ya sifa au nyekundu ya lawama, na muuzaji alimpa mnunuzi, kila mmoja na maneno yake yasiyozidi herufi themanini. Alama ikitoka haikurudi, haikufutika, haikubadilishwa. Kwa hiyo wezi wote walijifunza ujanja mmoja: kaa na alama yako mfukoni, mtazame mwenzako usoni, mwache aogope. Watu wakubwa, wenye wajukuu, waliibiwa na kunyamaza kwa sababu hawakutaka doa jekundu kwenye jina safi.

Verlin naye angenyamaza. Alama ya kijani ameshaitoa, na njia ya kuirudisha hakuwa nayo. Alikifunga chombo kile kwenye magazeti yake, akakishusha chini kwenye ghala ya mkaa, akajiambia asahau. Jumatatu ikapita. Jumanne asubuhi akawasha kompyuta, akaandika jina la Nadine kama alivyoliandika kila asubuhi, na kengele ikatokea.

Alikuwa ameingoja kengele hiyo miaka thelathini na mmoja.

Desemba ya mwaka 1971 kiwanda kiliwapa wanawake wa chumba cha juu zawadi: kila mmoja achore kitu kimoja apendavyo, si maua ya kiwanda, akipeleke nyumbani kwa Krismasi. Nadine alichagua kengele ya kioo cheupe. Alichochora hakumwambia mtu. Kengele ikachomwa, ikapoa, akaifunga karatasi laini na kuiweka kwenye rafu ya Verlin, ili jioni waende nayo. Mchana ule lori la Indianapolis lilikuwa limewashwa mlangoni, dereva anapiga honi, na Verlin anafunga dazeni ya kengele. Ya kumi na mbili aliitikisa akasikia ufa. Akaitupa. Akanyoosha mkono kwenye rafu bila kugeuza macho, akashika kengele iliyokwisha kufungwa karatasi, akaitia ndani, akagongomelea misumari. Lori likaondoka.

Nadine aliposhuka jioni na kukuta rafu tupu, hakupiga kelele. Alisema, "Basi." Verlin alimwuliza alichora nini. Alimwuliza usiku ule, akamwuliza mwaka uliofuata, na akamwuliza hospitalini. "Kilichokwenda kimekwenda," Nadine alimjibu, huku akimpapasa mkono kama anayemfariji yeye. Siku ya maziko ndipo mwanamke mmoja wa chumba cha juu alipomnong'oneza: "Alichora nyumba yenu, Verlin. Siku tatu aliinamia kengele ile."

Sasa ilikuwa mbele yake. Picha ilipigwa vibaya, mwanga mwingi na ukungu, lakini palionekana kitu kama kilima, na kitu kama paa, na maelezo yalisema: chini imeandikwa Nadine S., 1971. Muuzaji alikuwa mama wa mji mdogo wa Indiana, Eunice Hochstetler. Mnada ungefungwa Jumapili saa tisa alasiri. Na kwa herufi kubwa: MWENYE ALAMA NYEKUNDU HATA MOJA NDANI YA MIEZI SITA, ZABUNI YAKE NITAIONDOA. USINIANDIKIE KUNISHAWISHI.

Verlin aliweka zabuni ya yote aliyokuwa nayo benki na yote ambayo binti yake angeweza kumkopesha. Akalala usingizi wa mtu mwenye miaka ishirini.

Jumatano ikaja barua ya mwanamke wa Nebraska, jina lake Arlys Vodehnal. Aliandika kwa adabu. Alisema amenunua vyombo viwili vya Nadine kwa ajili ya dada yake aliye mgonjwa, ambaye utotoni kwao palikuwa na chombo kama hicho, na sasa anataka cha tatu, kwa hiyo amependa kumshukuru. "Nilikuwa na wasiwasi na muuzaji," aliandika, "lakini nilipoona wewe mwenyewe umemsifu, nikajua siwezi kudanganywa."

Verlin akafungua ukurasa wa Hazina za Bibi. Vyombo vinane vya rangi ya mnanaa vilikuwa mnadani, vyote vinafungwa Jumamosi adhuhuri, na juu ya kila kimoja maneno haya: "Mume wa mchoraji ni mteja wangu. Soma mwenyewe alivyonisifu."

Alikaa kitini muda mrefu. Laini ya simu ikakatika yenyewe.

Alimjibu Arlys kwa siri, akamwambia ukweli wote. Akajibiwa kwa mistari miwili: "Dada yangu amelala na kile cha kwanza kando ya kitanda. Sijui nimwambie nini." Na huyo alikuwa mmoja aliyeandika. Wale waliokuwa wakishindana juu ya vile vinane, majina yao yalifichwa. Hapakuwa na njia ya kuwafikia ila mahali pamoja tu, pale penye alama, ambapo yeye alishasema kijani.

Njia ilikuwa moja. Alama moja kwa ununuzi mmoja: anayetaka kusema tena, sharti anunue tena. Ili apate haki ya kumwita mwizi kwa jina lake, Verlin ilimbidi amnunulie mwizi kitu cha pili, akijua ni cha uongo, kwa fedha yake halali. Na akisema, Rodney angejibu kwa nyekundu. Na nyekundu ikitoka, kengele imekwenda.

Alimwandikia yule mama wa Indiana, ingawa aliambiwa asimwandikie. Alieleza kila kitu. Jibu likaja Alhamisi: "Mpendwa mnunuzi, kila mwenye nyekundu ana hadithi yake. Nimeshawahi kuamini hadithi, na ikanigharimu. Sheria imeandikwa."

Junior alimkuta jikoni akikoroga sufuria ya maharage yasiyohitaji kukorogwa.

"Subiri Jumapili," Junior alisema alipokwisha kusikia. "Saa tisa unachukua kengele yako. Saa tisa na dakika moja unamvua nguo huyo mwizi hadharani. Nani anakufukuza?"

"Vile vinane vinafungwa Jumamosi."

"Na vifungwe. Wewe ndiye uliyewazaa hao wanunuzi?"

"Wananunua kwa jina langu."

"Wananunua kwa tamaa yao. Sikiliza, Verl. Tangu nikufahamu unaililia kengele hiyo. Umelewa ukaililia, umeokoka ukaililia. Leo imekuja mpaka mlangoni, halafu unataka kuifukuza kwa ajili ya watu ambao hujui hata sura zao?"

"Kila sanduku nililofunga maishani nilimfungia mtu nisiyemjua sura."

Junior alichota maharage, akavunja mkate wa mahindi juu yake, akala vijiko vitatu. "Jibu hilo umekesha ukilitafuta."

"Limenijia sasa hivi."

"Basi ni zuri, na ni la kijinga." Akala tena. "Nadine angesemaje?"

"Angesema, 'Basi.'"

"Ile 'basi' ya hasira au ya ndiyo?"

Verlin akaweka mwiko chini. "Miaka ishirini na tisa ya ndoa," alisema, "sikuwahi kuzitofautisha."

Ijumaa asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati la ibada, akakaa mbele ya kompyuta. Miongoni mwa bidhaa za Hazina za Bibi palikuwa na kisahani cha majivu cha rangi ya mnanaa, chenye ua moja na jina la Nadine, kinachouzwa bila mnada kwa bei iliyoandikwa. Nadine, ambaye moshi wa sigara ulimfukuza chumbani. Verlin akakinunua. Akaandika hati ya malipo, akatembea mpaka posta, akaituma, kwa sababu hakutaka mtu yeyote aje kusema kwamba hakulipa. Kisha akarudi kuandika.

Herufi themanini ni chache. Ni ubeti mmoja mfupi, na mwenye hasira hujaza ukurasa. Mara ya kwanza aliandika mwizi, mwongo, mfukua makaburi, na kompyuta ikakataa, maneno yamezidi. Akafuta. Akaandika habari ya rangi isiyochomwa, ikazidi tena. Akafuta. Alikuwa mtu wa kufungasha. Alijua kwamba sanduku likiwa dogo, unaondoa majani, huondoi kioo. Akaondoa hasira. Akaondoa matusi yote, matamu na makali. Kilichobaki kilikuwa hiki:

"Nadine alikufa 1995. Kioo hiki ni cha 1998. Marehemu hapaki rangi. Mimi mumewe."

Aliisoma kwa sauti, peke yake sebuleni, mbele ya vile vyombo arobaini na sita. Akachagua nyekundu. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe kwa muda ambao ungetosha lori kugeuza na kutoka lango la kiwanda. Kisha akabonyeza.

Haikupita saa moja, na Rodney akajibu. Nyekundu yake ilisema: "Mzee tapeli. Halipi, anatukana, anaharibu biashara za watu. Kaeni mbali naye." Mia tatu na kumi na moja za kijani, na juu yake tone lile la damu. Verlin aliitazama. Alidhani ingeuma zaidi.

Kilichouma kilikuja Jumamosi asubuhi, barua fupi ya mashine: zabuni yako imeondolewa na muuzaji.

Hadi adhuhuri, vyombo vitano kati ya vinane vilikuwa vimekimbiwa na wote waliovitaka. Viwili vilinunuliwa hata hivyo, na watu ambao hawakusoma, au walisoma wakaamua kutoamini, maana mtu akishapenda kitu macho yake huwa na pazia. Cha nane Rodney alikiondoa mwenyewe. Arlys Vodehnal wa Nebraska naye aliandika nyekundu yake, ya kwanza maishani mwake, na chini yake maneno mawili tu: "Mume anajua." Ushindi haukuwa mkubwa. Ulikuwa wa vyombo vitano.

Simu ililia saa nane mchana.

"Ni Bwana Stalnaker?" Sauti ya mwanamke mzee, kavu, isiyopoteza pumzi. "Mimi Eunice Hochstetler, wa kengele. Namba nimeitoa kwenye barua yako."

"Ndiye mimi, mama."

"Zabuni yako nimeiondoa leo asubuhi."

"Nimeona."

"Sikupiga kuomba radhi."

"Wala sikudai uombe."

Yule mama akapunguza sauti, kama aliyejiandaa kwa ugomvi akakuta mlango uko wazi. "Sheria yangu nilishaitangaza. Nikiivunja kwako, nitakuwa nimewadanganya wengine tisa walioifuata. Mume wangu alikuwa mnadishaji wa ng'ombe miaka arobaini, na hakubadilisha sheria mnada ukiwa unaendelea, hata kwa ndugu yake."

"Alifanya vyema."

"Alichukiwa sana." Akakohoa. "Nimekupigia kwa jambo jingine. Hayo maneno yako ya jana yamesomwa. Watu wanne wameniandikia wakiuliza kama kengele yangu ni ya kweli au ni ya yule mtu. Mimi niliipata kwenye vyombo vya shangazi, vioo sivijui. Wewe unajua. Nataka uniambie, nami nitaandika utakavyosema."

Verlin alikuwa amesimama. Akavuta kiti, asikikalie.

Aliiona njia nzima kwa mara moja, kama mtu anavyoona bonde radi ikipiga. Neno moja. Aseme ni ya bandia, na mama huyu mnyofu ataandika ni ya bandia, na wale tisa watatawanyika, na kengele itabaki mezani kwake Indiana ikikusanya vumbi. Miezi sita baadaye nyekundu itakuwa imezeeka, naye ataichukua kwa bei ya kikombe cha kahawa. Hakuna ambaye angejua. Rodney mwenyewe asingeweza kubuni ujanja mwepesi kama huo. Miaka thelathini na mmoja, na neno moja.

"Bwana Stalnaker? Upo?"

"Nipo." "Ishike sasa hivi, mama. Unayo karibu?"

"Ninayo mkononi."

"Pitisha ukucha juu ya rangi. Kwa nguvu, usiogope."

Akasikia mkwaruzo mdogo. "Haitoki."

"Jina lililo chini. Limeandikwa limenyooka, au linafuata ukingo?"

"Linazunguka na ukingo. Kama nyoka."

"Alikuwa anazungusha kioo, hazungushi mkono. Sasa tafuta jani lolote, au nyasi. Litazame kwa miwani. Ni rangi moja?"

Muda ukapita. "Rangi mbili. Kijani upande mmoja, njano upande wa pili. Lakini hakuna mstari katikati, zimeingiana."

"Brashi moja, rangi mbili, mpapaso mmoja." Verlin alifumba macho. "Ni ya kweli. Andika hivyo. Andika mumewe amesema, na safari hii ni kweli amesema."

"Bei itapanda."

"Najua."

"Unaelewa kwamba bado siwezi kukuuzia?"

"Naelewa, mama."

Verlin alisikia saa ya ukutani ya nyumba ya mbali, na mbwa, na pumzi ya yule mama.

"Naomba kitu kimoja," Verlin alisema. "Picha yako ina ukungu. Sijawahi kuiona kengele hiyo. Niliifunga mwenyewe ikiwa ndani ya karatasi, nikaituma. Nakuomba uniambie alichora nini."

"Hujawahi kuiona?"

"Hata mara moja."

Kiti kikaburuzwa huko Indiana. Akawasha taa, kitufe kilisikika. Alipoanza tena, sauti yake haikuwa kavu kama mwanzo, ingawa ilijitahidi.

"Haya. Kuna kilima. Kuna nyumba ya mbao, nyeupe, paa la bati. Kibaraza mbele."

"Ngazi ngapi?"

"Tatu. Ya kati imepinda."

"Nilitaka kuitengeneza," Verlin alisema. "Endelea, mama."

"Kuna kamba ya nguo nyuma. Mashati. Moja, mbili… mashati manne, na kitu chekundu, labda gauni. Upepo unavuma, zote zimeelekea upande mmoja. Kuna moshi kwenye bomba la jiko. Kuna dirisha moja lina mwanga, kapaka njano kidogo tu, kama punje ya ulezi."

"Dirisha la upande gani?"

"La kulia. Ukiitazama nyumba, la kulia."

Jikoni. Alilichora dirisha la jikoni taa ikiwa inawaka.

"Kuna mtu?" Verlin aliuliza. Aliuliza polepole sana.

"Ngoja nichukue kioo cha kukuzia." Akaenda. Hatua zikaondoka, zikarudi. "Hakuna mtu kwenye kibaraza. Hakuna mtu uani… Ngoja. Njiani, chini kabisa, karibu na ukingo, kuna mtu anapanda kilima. Ni mdogo, nilidhani ni doa. Ana kofia ya bluu."

Verlin akaitazama kofia yake ya bluu ya kazini, iliyokuwa bado imetundikwa msumarini.

"Mikono yake mitupu," yule mama aliendelea, kwa sauti ya mtu anayetazama kweli. "Anapanda tu. Anakwenda nyumbani."

Mwisho Verlin akakaa kwenye kiti alichokuwa amekivuta, akahamisha simu kwenye sikio lake zuri.

"Una kazi sasa hivi, mama?"

"Mimi mjane, bwana, na leo ni Jumamosi. Kazi gani?"

"Basi niambie tena."

"Kuanzia wapi?"

"Anzia kwenye paa," Verlin alisema, na yule mama akaanza.